Kabla ya kununua pete, kaa kwa sonara: mwongozo kamili wa kujifunza dhahabu na vito Dar es Salaam

Bangili ya marehemu bibi yangu ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, kwa miaka tisa. Shangazi alikuwa anaapa kuwa ni dhahabu tupu. Baba alisema ni shaba iliyopakwa. Siku nilipoiweka juu ya kaunta ya sonara mmoja mjini, mzee wa duka aliisugua kidogo kwenye jiwe jeusi, akadondosha tone la asidi, akatazama kimya, kisha akasema: "Karati 21. Hii ni kazi ya zamani ya upande wa Uarabuni." Akaiweka kwenye mizani: gramu 12.40. Ubishi wa miaka tisa ukaisha kwa dakika tano, na shangazi na baba wote wakawa wamekosea.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimelipia, kwenye duka jingine, pete yenye jiwe la bluu niliyoambiwa ni tanzanite. Mzee huyohuyo aliipeleka dirishani, akaigeuza mara mbili, akanirudishia: kioo. Kilichoniuma zaidi ya hela ni kwamba jibu lilikuwa karibu yangu siku zote, na sikuwahi kuuliza kwa sababu niliamini kwa sonara huendi mpaka uwe na pesa za kununua.

Nataka nikutoe kwenye imani hiyo. Duka la sonara la kifamilia, lile ambalo babu alifungua, baba akarithi na sasa mtoto ndiye anayeshika koleo, ni shule. Hivi ndivyo unavyoweza kujiandikisha bila ada.

Hatua ya kwanza: tafuta duka lenye karakana

Dar ina maeneo mawili ambayo mtu wa kawaida anayafikia kirahisi. La kwanza ni katikati ya mji, mitaa ya Kisutu na Indira Gandhi, ambako familia zenye asili ya Gujarati zimeshika kazi hii kwa vizazi. Hata neno letu "sonara" tumelipata kwao. La pili ni Kariakoo, ambako masonara wa kila asili wamepangana na wauza vitenge.

Usichague kwa kung'aa kwa kabati za vioo. Angalia kama kuna mtu anafanya kazi pale: meza iliyochakaa, taa ya gesi, tupa ndogondogo, vumbi la dhahabu linalokingwa kwenye droo ya ngozi chini ya meza ili lisipotee. Duka linalouza tu bidhaa zilizoletwa zimekamilika haliwezi kukufundisha mengi, kwa sababu wenyewe hawajawahi kuona ndani ya pete. Angalia pia mizani. Mizani inapaswa kukaa mahali ambapo wewe na muuzaji mnasoma namba pamoja.

Ishara ninayoiamini kuliko zote ni sonara anayekataa kazi. Mzee wangu aliwahi kumwambia mama mmoja mbele yangu kwamba hereni alizoleta hazifai kuyeyushwa, kwa kuwa thamani ya ufundi wake ni kubwa kuliko ya dhahabu yenyewe. Alipoteza kazi ya siku hiyo, ila mama yule amekuwa akirudi.

Nenda siku ya kazi, asubuhi, duka likiwa limetoka kufunguliwa. Epuka wiki za mwisho kabla ya Idi na siku za kuelekea Diwali, kwa sababu hapo hata chai hawanywi.

Hatua ya pili: ingia na kazi ndogo

Usiingie na maswali matupu. Mkufu uliokatika, pete iliyobana, hereni iliyopoteza kishikizo, chochote cha kurekebishwa kinakupa haki ya kukaa kwenye kiti na kutazama. Salimia kwa kuanza na mkubwa: "Shikamoo mzee," kisha kijana wake. Eleza tatizo, halafu sema ukweli: "Ningependa kuona inavyofanyika, kama haitakuwa usumbufu." Mara nyingi fundi hufurahi. Ni watu wachache sana wanaomuuliza mtu kuhusu kazi aliyoifanya miaka arobaini.

Kabla hajaigusa, omba ipimwe uzito na andika namba. Ikikamilika, ipimwe tena. Hii si kumshuku mtu. Ni utaratibu wa kazi yenyewe, na sonara mzuri ataupima hata usipomwomba. Pete ikipanuliwa itaongezeka kidogo kwa dhahabu iliyoongezwa. Ikipunguzwa, kipande kilichokatwa ni chako, kidai au kikatwe kwenye bei.

Ukitazama kulehemu kwa mara moja tu, utaelewa mambo ambayo maneno hayawezi kukueleza. Utaona kwa nini kiungio cha mkufu ndicho hukatika kwanza. Lehemu inayeyuka kwa joto dogo kuliko dhahabu yenyewe, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Utaona pia kwa nini sonara hutoa jiwe kabla ya kuwasha moto. Jiwe likibaki karibu na mwali, hasa tanzanite au zumaridi, linaweza kupasuka.

Hatua ya tatu: zielewe karati mbili

Neno "karati" linawachanganya wengi kwa sababu lina kazi mbili. Kwa dhahabu ni kipimo cha usafi: sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu halisi. Kwa mawe ni kipimo cha uzito: karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe la gramu moja lina karati 5.

Usafi wa dhahabu hugongwa kwa namba ya tarakimu tatu, inayohesabu sehemu katika elfu. 999 ni karati 24, 916 ni karati 22, 875 ni 21, 750 ni 18, 585 ni 14, na 375 ni 9. Ukiona 925, hiyo ni fedha. Kazi za Kihindi nyingi ni 22, za nchi za Ghuba mara nyingi ni 21 au 22, na za Kiitaliano kwa kawaida ni 18. Usidhani karati ndogo ni udanganyifu. Dhahabu tupu ni laini mno kushika jiwe, na pete ya almasi ya karati 18 ina akili kuliko ya karati 22, kwa kuwa kucha zinazoshikilia jiwe hazilegei upesi.

Rangi nayo inatoka kwenye mchanganyiko. Shaba ikizidi, dhahabu inakuwa ya waridi. Dhahabu nyeupe huchanganywa na paladiamu au nikeli, kisha hupakwa rodiamu ili ing'ae. Rodiamu hiyo huchujuka, kwa hiyo pete nyeupe inayoanza kuonyesha manjano baada ya miaka michache haijaharibika. Inahitaji kupakwa tena tu.

Sasa hesabu, na tafadhali ifanye mwenyewe kwenye simu kabla ya kwenda. Chukua bei ya dunia ya aunsi moja ya dhahabu kwa dola siku hiyo. Igawe kwa 31.1, maana aunsi ya dhahabu ina gramu 31.1. Zidisha kwa kiwango cha dola kwa shilingi. Hapo umepata bei ya gramu ya dhahabu tupu. Zidisha kwa 0.916 kama ni karati 22, au 0.75 kama ni 18. Bangili ya bibi: gramu 12.40 mara 0.875 ni gramu 10.85 za dhahabu tupu. Ukishakuwa na namba hiyo, kila kinachozidi kwenye bei ya dukani ni ufundi, kodi na faida, na unaweza kuuliza kwa heshima, "Ufundi ni kiasi gani kwa gramu?" Wazee wengine watakutajia uzito kwa tola. Tola moja ni gramu 11.66.

Kama pete ina jiwe, uliza kama uzito uliotajwa unahesabu na jiwe. Usilipie kioo kwa bei ya dhahabu.

Hatua ya nne: vipimo vya dhahabu

Muhuri ni mwanzo tu, kwa sababu mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kugonga 916. Sumaku nayo inasaidia upande mmoja: dhahabu haivutwi, kwa hiyo mkufu ukirukia sumaku, ondoka. Lakini shaba haivutwi pia, na kishikizo cha mkufu halali kinaweza kuwa na springi ya chuma ndani. Kwa hiyo sumaku inaweza kukataa, haiwezi kuthibitisha.

Kipimo ninachokipenda ni cha maji. Dhahabu ni nzito ajabu: ile tupu ina uzito mara 19.3 wa maji ya ujazo uleule, ilhali shaba haifiki mara 9 na fedha ni 10.5. Chukua mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Pima pete kavu, tuseme ni 5.30. Weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga pete kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Namba inayotokea, tuseme 0.30, ndiyo ujazo wake. Gawa 5.30 kwa 0.30 upate 17.7. Hiyo inalingana na karati 22. Ya karati 18 ya manjano huangukia 15 na pointi zake, na ukipata 8 au 9, unayo shaba mkononi.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kitu kidogo sana kinazidisha kosa: tofauti ya 0.01 kwenye pete ile inaweza kukusogeza kutoka 17.1 hadi 18.3. Kitu chenye uwazi ndani kinabeba hewa na kitaonekana chepesi. Chenye mawe hakipimiki hivi. Na kuna chuma kinachoitwa tangsteni, kizito karibu sawa na dhahabu tupu, ambacho wadanganyifu hukifunika kwa dhahabu. Kwa vitu vidogo vya urembo si rahisi kukutana nacho, lakini kwa kipande kikubwa cha dhahabu usitegemee maji peke yake.

Jiwe jeusi la sonara na asidi zake mwachie mwenyewe. Asidi hizo zinachoma ngozi na macho, na kusoma alama ya mstari kunataka jicho lililozoea. Omba akuonyeshe tu: anasugua kitu chako, pembeni anasugua sindano ya dhahabu ya karati inayojulikana, anadondosha asidi juu ya mistari yote miwili na kulinganisha upi unafifia. Baadhi ya maduka sasa yana mashine ya eksirei inayosoma mchanganyiko bila kukwaruza kitu. Ni nzuri sana, ila inasoma ngozi ya juu, kwa hiyo kitu kilichopakwa dhahabu nene kinaweza kuihadaa.

Hatua ya tano: fundisha jicho kutazama jiwe

Nunua lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia mara 10. Usinunue cha mara 30 ukidhani kikubwa ni bora. Kinaonyesha eneo dogo mno na kinachosha. Namna ya kukishika ndiyo wengi hukosea: kisogeze hadi karibu kabisa na jicho, kisha leta jiwe kwenye kioo mpaka lionekane wazi, kama sentimita 2.5 hivi. Macho yote mawili yabaki wazi. Mikono igusane ili isitetemeke.

Tazama jiwe juu ya trei au kitambaa, kamwe si juu ya sakafu tupu. Lishike kwa koleo dogo, kwa kuwa mafuta ya vidole yanafifisha mng'ao. Ukikabidhiwa karatasi iliyokunjwa yenye mawe ndani, ifungulie mezani, na hesabu mawe kabla na baada mbele ya mwenyewe. Ni adabu ya kazi hii, na inamlinda kila mtu.

Halafu mwanga. Taa za dukani zimechaguliwa zipendezeshe. Omba uende mlangoni au dirishani, kwenye mwanga wa mchana lakini si jua kali. Jiwe lililopendeza chini ya taa na likapooza mlangoni, ulilolipenda ni taa.

Tanzanite, kwa kirefu

Hapa nitakaa, kwa sababu ni letu. Tanzanite inapatikana sehemu moja tu duniani kwa kiwango cha biashara, Mirerani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara. Iligunduliwa 1967, na serikali yetu inamtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Mwaka 2018 alitunukiwa shilingi milioni 100, akiwa mzee tayari, na akafariki mwaka uliofuata. Jina la tanzanite lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya Marekani, iliyolipeleka sokoni 1968. Kisayansi ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti, iliyopata rangi kutokana na chembe za vanadiamu. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Watu walizungumza mabilioni. Mimi nilitamani wangezungumza pia jinsi ya kulitambua jiwe lenyewe.

Ufunguo wa tanzanite ni rangi zake tatu. Ukilitazama jiwe ghafi kutoka pande tofauti unaona bluu, zambarau, na wekundu wa kahawia. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na kahawia nyingi, kisha huchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi. Kahawia hupotea, bluu na zambarau hubaki. Kuchomwa huku kunakubalika dunia nzima na rangi hairudi nyuma, kwa hiyo muuzaji akikuambia "hili halijachomwa" ili akuongezee bei, usiharakishe kufungua pochi.

Fanya hivi: geuza jiwe taratibu dirishani. Tanzanite halali itakuonyesha bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Chini ya balbu ya manjano zambarau huzidi, mchana bluu hutawala. Kioo hakina habari hiyo, bluu yake ni ileile popote utakapokigeuza. Ndivyo mzee alivyoimaliza pete yangu. Kwa lupu, tafuta viputo vya mviringo ndani, hiyo ni alama ya kioo. Angalia pia kingo za nyuma za jiwe kupitia uso wake: kama kila mstari unaonekana mara mbili, huenda ni forsteraiti ya kutengenezwa, kitu kinachouzwa kwa jina la tanzanite. Tanzanite yenyewe haionyeshi mistari miwili miwili kiasi hicho. Na kama rangi imechunika kwenye kingo za jiwe, fahamu limepakwa rangi juu.

Ubora wake ni rangi kwanza. Bluu iliyokolea yenye zambarau ndani ndiyo ghali, samawati iliyopauka ni nafuu. Jiwe dogo mara nyingi haliwezi kubeba rangi nzito, kwa hiyo dogo lenye rangi kali mno likuamshe maswali. Usafi unafuata: kwa tanzanite tunategemea jiwe lisilo na uchafu unaoonekana kwa macho.

Lakini ni jiwe laini kiasi, kama 6.5 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs chenye ngazi 10. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Maana yake ni kwamba ukifuta tanzanite yenye vumbi kwa kanga kavu, unaikwaruza. Isitoshe ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi ikigongwa. Kwa hereni au kidani ni jiwe la maisha. Kwa pete ya kila siku ya mtu anayepika, anayefua na anayepanda daladala, mimi nasema hapana, labda jiwe lizungushiwe ukuta wa dhahabu badala ya kushikwa kwa kucha nne.

Ndugu zake wa nyumbani

Wengi wetu tulijifunza majina ya vito kwenye daftari la mahudhurio la shule: Johari, Lulu, Almasi, Feruzi, Marijani, Zumaridi. Yakuti ni jina linalonifurahisha zaidi. Wazee wetu waliita jiwe jekundu yakuti na la bluu yakuti samawi, kana kwamba ni ndugu wa mama mmoja. Sayansi imewakubalia. Rubi na safaya, kama wafanyabiashara wanavyoziita, ni madini yaleyale, ugumu 9. Chembe za kromiamu zinafanya jiwe liwe jekundu, chuma na titaniamu vinalifanya liwe la bluu. Tunazo zote: rubi za Longido na Winza, safaya za Umba kule Tanga na za Tunduru.

Spineli ya Mahenge, mkoani Morogoro, ndiyo ningekushauri uombe kuonyeshwa. Mwaka 2007 yalitoka huko mawe makubwa ya waridi jekundu yaliyoushtua ulimwengu wa vito. Ugumu wake ni 8, unafaa pete ya kila siku, na kwa kawaida haichomwi. Kwa karne nyingi spineli ilihesabiwa kuwa yakuti: jiwe maarufu jekundu kwenye taji la Uingereza, linaloitwa yakuti ya Black Prince, ni spineli.

Tsavoraiti, gaineti ya kijani, ilionekana kwanza Simanjiro 1967 na mwanajiolojia Campbell Bridges, ingawa jina lake limetoka Tsavo, Kenya. Vanadiamu ileile inayopamba tanzanite inachangia kijani chake. Wapo wanaoifikiria zumaridi ya bei ndogo. Kwangu mimi inang'aa kuliko zumaridi nyingi na haihitaji kujazwa mafuta kuficha nyufa, jambo ambalo zumaridi nyingi hufanyiwa.

Na ipo gaineti ya Umba ya rangi ya chungwa na waridi ambayo wachimbaji waliikataa kwa kuwa haikufanana na waliyokuwa wakiitafuta. Wakaiita "malaya". Jina hilo limeandikwa kwenye vyeti vya maabara duniani hadi leo, na jiwe sasa lina bei. Silipendi jina hilo, lakini ulijue, usije ukalishangaa.

Almasi, kwa ufupi

Mwadui, Shinyanga, imetoa almasi tangu mwanajiolojia John Williamson alipoigundua mwaka 1940. Lakini dukani Dar utakutana zaidi na zirkonia na moisanaiti, mawe ya kutengenezwa yanayofanana na almasi. Zirkonia ni nzito mara moja na nusu na zaidi ya almasi ya ukubwa uleule, na kingo zake huchakaa na kuwa butu. Moisanaiti inadanganya kalamu ya kupimia joto, ile ya kutambulia almasi, kwa sababu nayo hupitisha joto vizuri kama almasi. Itambue kwa lupu: ukiitazama kwa pembeni, mistari ya chini huonekana miwili miwili. Almasi iliyotengenezwa maabara ni almasi kamili, na hakuna lupu itakayoitofautisha na ya mgodini. Hapo unahitaji cheti cha maabara yenye vifaa, na kama ni ya maabara, ulipe bei ya almasi ya maabara, si ya mgodini.

Hatua ya sita: siku ya kununua

Risiti ndiyo nusu ya kito. Mali bila daftari huisha bila habari. Mbali na risiti ya EFD, omba maandishi yanayotaja aina ya madini na karati yake, uzito wa dhahabu bila jiwe, jina la jiwe, uzito wake kwa karati, na kama limechomwa, limejazwa au ni la kutengenezwa. Neno "jiwe la bluu" kwenye risiti halikulindi. "Tanzanite asilia, karati 1.20" linakulinda. Uliza pia: nikirudi baada ya miaka miwili, mtanunua kwa kanuni gani? Duka la familia huwa na jibu la papo hapo.

Kwa jiwe la thamani kubwa, usione haya kutaka uthibitisho wa tatu. Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko Arusha, na kinafundisha pia utambuzi na ukataji wa mawe. Ukijikuta unatamani zaidi ya kujua tu, hapo ndipo pa kwenda.

Usinunue jiwe ghafi kwa mtu anayekuvuta pembeni. Biashara ya mawe ghafi inahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini, na hata kama jiwe ni halali, wewe bila leseni unaingia matatani. Zaidi ya hapo, jiwe ghafi hupoteza sehemu kubwa ya uzito likikatwa, na huwezi kuona nyufa zote kabla.

Hatua ya saba: kutunza, kwa hali ya hewa yetu

Joto na jasho la Dar vina kazi yao. Osha vito kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya maji na mswaki laini wa mtoto, hasa nyuma ya jiwe ambako mafuta ya mwili na losheni hujikusanya. Suuza kwenye bakuli, wala si juu ya sinki lililo wazi. Tanzanite na zumaridi zisisafishwe kwa mvuke wala kwa mashine ya mitetemo, hata kama fundi ana haraka. Mwambie mapema.

Vua pete kabla ya kushika Jik, na kabla ya bwawa la kuogelea. Klorini hula viungio vya dhahabu, hasa nyeupe. Baharini ivue pia, iwe Coco Beach au Kigamboni, maana kidole kilicholowa na kupakwa mafuta hakishiki pete. Lulu huvaliwa mwisho, baada ya manukato kukauka, na huvuliwa kwanza, kisha hufutwa jasho kwa kitambaa laini chenye unyevu. Fedha itapiga weusi kwa salfa iliyoko hewani. Hilo si dalili ya ubandia, kitambaa cha kung'arishia kinatosha. Kila kitu kikae kwenye mfuko wake, kwa kuwa almasi ndani ya kisanduku kimoja na tanzanite itaikwaruza.

Mara moja kwa mwaka rudi kwa sonara wako akague kucha. Nyumbani unaweza kuijaribu pete mwenyewe: isogeze karibu na sikio, igonge polepole kwa ukucha. Ukisikia jiwe linacheza, ivue papo hapo, ifunge kwenye karatasi na usiivae tena mpaka ifike dukani.

Bangili ya bibi niliipeleka mwezi uliopita kwa ufa mdogo kwenye kiungio. Kijana wa mzee aliilehemu huku nikitazama, akaisugua, akaiweka mizani upande wangu: gramu 12.41. Nimeiandika kwenye daftari, chini ya 12.40 ya mwanzo.